Mawe Yaliyojichimba Yenyewe

Nikifika kwenye Vita Kuu ya Pili ya Dunia na wanafunzi wangu, huandika tarehe mbili ubaoni: 7 Desemba 1941 na 9 Desemba 1941. Ya kwanza wanaijua. Wajapani walishambulia Pearl Harbor, Marekani ikaingia vitani. Imo kitabuni na imo kwenye filamu wanazotazama kwa simu. Kwenye ya pili darasa hunyamaza. Halafu mkono mmoja huinuka, mara nyingi wa mtoto aliyelelewa na bibi yake kwenye mitaa ya zamani kama Kamalondo au Katuba, naye huuliza kwa sauti ya mtu anayeogopa kuchekwa: "Prof, si njo ile siku ya kupiga batu masasi mu stade?"

Njo ile, ndiyo siku watu walipopigwa risasi uwanjani. Wafanyakazi weusi wa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya madini ya Wabeleji, walikuwa wamegoma hapa Lubumbashi, Congo, wakati huo Élisabethville. Vita ilikuwa imepandisha bei ya vitambaa na chakula, na kampuni ilikuwa ikihimizwa kutoa shaba zaidi kwa ajili ya nchi zilizopigana na Hitler. Wafanyakazi wazungu walikuwa wametangulia kudai nyongeza yao. Zamu ya weusi ilipofika, walikusanyika kwenye uwanja wa mpira, na gavana wa jimbo, Amour Maron, akawaendea na askari. Léonard Mpoyi, karani aliyewasemea wenzake, aliuawa siku hiyo pamoja na wengine wengi. Serikali ilitoa hesabu yake rasmi ya waliokufa. Kwenye kambi za wafanyakazi hesabu hiyo haikuwahi kukubaliwa.

Shangazi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa msichana mdogo mwaka ule. Hakuwa mtu wa kueleza mambo kwa mpangilio. Alichokumbuka ni kwamba mama yake alipika bukari na sombe na hakuna aliyekula, na kwamba wanaume waliorudi walikaa ndani bila kuwasha taa. Alikufa bila kusikia hata mara moja jina la Pearl Harbor, na sioni kama lilimpungukia. Mimi ndiye niliyelazimika kuziweka tarehe hizo mbili ubavu kwa ubavu, kwa sababu niliajiriwa kufundisha historia, na kwa muda mrefu nilizifundisha kama mambo ya sayari mbili tofauti.

Mpangilio huo sikuubuni mimi. Nilisoma sekondari miaka ya sabini, nchi ikiitwa Zaire na jimbo letu likiitwa Shaba, na kila mwanafunzi alikuwa na daftari mbili za historia. Moja ilikuwa ya dunia: Misri kidogo, Ugiriki, Roma, wafalme wa Ufaransa, mapinduzi yao ya 1789, viwanda vya Uingereza, vita mbili. Nyingine ilikuwa ya nchi yetu: falme, Wazungu, uhuru, Rais. Tulikuwa katikati ya siasa ya Rais Mobutu ya uhalisi, ya kuacha majina ya kikoloni. Élisabethville ilikuwa imeshakuwa Lubumbashi tangu 1966, Jadotville ikawa Likasi, na sisi wenyewe tuliacha majina ya ubatizo. Ubao wa barabara ulibadilishwa, na daftari zikabaki mbili. Dunia ilikuwa na saa zake Jumatatu, sisi Alhamisi.

Nyumbani kulikuwa na historia ya tatu, nayo ilining'inia ukutani. Baba alinunua picha ya rangi kwa mchoraji aliyepita kambini akiuza, zile ambazo sebule nyingi za Lubumbashi zilikuwa nazo: mtu amelazwa chini suruali imeshushwa, askari anamchapa fimbo, Mzungu mwenye kofia anatazama, bendera ya buluu yenye nyota ya manjano iko juu. Zilikuwa zikiitwa *Colonie belge*, koloni la Wabeleji. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa mji huuhuu, alizichora nyingi kabla ya kuanza kuchora historia nzima ya nchi, picha zaidi ya mia, akisema yeye ni mwanahistoria. Baba hakueleza lolote kuhusu ile picha. Wageni waliitazama, wakatikisa kichwa, wakaendelea na bia yao. Haikunipitikia kuwa ilihusiana na daftari yoyote kati ya zile mbili.

Mfano wa Shinkolobwe ndio ulionifungua macho, na nitakaa hapo kidogo.

Shinkolobwe iko karibu na Likasi. Union Minière ilianza kutoa humo mawe ya radiamu miaka ya 1920, yakasafishwa Olen, Ubelgiji, na radiamu hiyo ikauzwa kwa bei isiyosemeka kwa ajili ya hospitali. Urani iliyokuwa ndani ya mawe hayo haikuwa na soko kubwa. Kisha tarehe 2 Agosti 1939 Albert Einstein akatia sahihi barua kwa Rais Roosevelt kumwonya kuhusu aina mpya ya bomu, na barua hiyo inataja Congo ya Wabeleji kuwa chanzo muhimu kuliko vyote cha urani. Mkurugenzi wa kampuni, Edgar Sengier, alipeleka New York kiasi cha tani 1,200 za mawe hayo mwaka 1940, yakawekwa kwenye ghala Staten Island. Septemba 1942 afisa wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, akaenda ofisini kwake kuyanunua. Yalikuwa mawe ya ajabu. Madini ya sehemu nyingine yalihesabiwa kuwa mazuri yakiwa na chini ya asilimia moja ya urani. Ya Shinkolobwe yalifika hadi asilimia sitini na zaidi. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa bomu ilitoka hapo. Tarehe 6 Agosti 1945 Hiroshima ikateketea. Mwaka uliofuata Sengier alipewa nishani na serikali ya Marekani.

Sasa tazama hadithi hii inavyosimuliwa kwenye vitabu vya dunia, hata vile vizuri, hata vile vinavyokumbuka kuitaja Congo. Einstein anaandika. Sengier anatabiri. Nichols ananunua. Mawe "yanatoka" Congo, "yanafika" New York. Hakuna mtu aliyeyachimba, kuyachagua, kuyatia magunia na kuyapakia kwenye behewa. Yamejichimba yenyewe, yakapanda gari moshi, yakashuka baharini. Na ukifungua daftari la Alhamisi, lile la nchi yetu, utakuta Shinkolobwe kwenye sura ya uchumi wa koloni, katika orodha baada ya shaba na kobalti. Bomu halimo. Watu hawamo pia. Kwa hiyo walioyachimba wamedondoka kwenye ufa kati ya daftari mbili, na sidhani kuna aliyewasukuma makusudi. Ufa ulitosha.

Nilimwuliza mzee mmoja wa Likasi, jamaa ya mke wangu, aliyefanya kazi huko akiwa kijana. Nilitegemea hasira. Alinijibu kama mtu anayeulizwa habari za hali ya hewa:

"Bomu tulisikia mu radio, sawa bantu bote. Kusema ni mawe yetu, hapana mutu alitwambia. Tulisikia nyuma, bana yetu banasoma mu bitabu."

Nikamwuliza kazi ilikuwaje. Hapo ndipo alipochangamka. Alieleza namna ya kuchagua mawe kwa mkono, rangi ya njano na kijani iliyong'aa mvua ikinyesha, mwangalizi aliyependa kuimba, posho ya unga iliyopunguzwa, na jinsi walivyokatazwa kutaja jina la mahali wanapofanya kazi wakienda mjini. Usiri huo ulitoka Washington, lakini kwake ulikuwa na sura ya kapita, msimamizi wa kazi, aliyesimama mlangoni. Nilijaza kurasa. Niliporudi Lubumbashi niliona kwamba karibu hakuna kitu nilichoandika ambacho kingeingia kwenye sura yoyote ya kitabu chochote cha shule ninachokijua. Si kwa sababu ni uongo au ni kidogo. Sura zimegawanywa kwa maswali ya mtu mwingine: nani aliamua, nani alishinda, lini, kwa faida gani. Swali la mzee, la nani alibeba na alikula nini, halina kichwa cha habari.

Kumbe kichwa hicho kilikuwa kimeshaandikwa, hapahapa mjini, tena kwa Kiswahili. Mwenzangu mmoja alinipa fotokopi ya *Vocabulaire* ya mji wa Élisabethville, historia iliyoandikwa mwaka 1965 na André Yav kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani: wapishi, maboi, wafua nguo. Johannes Fabian, mtaalamu wa mila na jamii aliyewahi kufundisha chuo kikuu hapa, aliichapisha kwa ufafanuzi mwaka 1990. Ukiisoma kimyakimya utaitupa. Maneno yamekatwa pasipotakiwa na kuunganishwa pasipotakiwa, alama za vituo karibu hakuna. Isome kwa sauti, kama unavyomsomea mtu aliyekaa kwenye baraza, na inaanza kutembea. Ni Kiswahili cha babu zetu wa mji, Kiswahili kilekile ambacho mwalimu wangu wa sekondari alituchapia.

Kilichonishika ni mahali alipokaa mwandishi. Mfalme Leopold II wa Ubelgiji yumo, na makampuni yamo, na mashujaa wa Kizungu ambao barabara zilipewa majina yao wamo. Lakini wote wanaonekana kutoka jikoni. Yav anajua bwana gani alikuja na boi gani kutoka wapi, nani alilipa, nani hakulipa, posho ilikuwa nini. Kuanzishwa kwa mji, ambako kwenye daftari langu la Alhamisi kulikuwa kazi ya kampuni iliyoundwa 1906 na reli iliyofika 1910, kwake ni kazi ya watu waliotembea nyuma ya Wazungu na mizigo kichwani. Hajasoma nadharia yoyote. Hakuwa anajibu wataalamu wa Ulaya. Aliandika ili wenzake waliozeeka kwenye kazi hiyo wajulikane kuwa walikuwapo. Nadhani ndiyo sababu ameweza. Wengi wetu tulioandika baadaye tulikuwa tunamtazama profesa kwa pembeni.

Humo pia kuna batumbula. Kila mtoto wa Lubumbashi wa umri wangu alitishwa na batumbula: watu waliotumwa usiku na Wazungu kukamata weusi, kuwafungia na kuwanenepesha kama nguruwe, kisha kuwala. Baba, mtu aliyesoma, fundi wa tanuru la shaba, aliamini hadi mwisho kwamba kuna nyumba fulani hakupaswa kupita usiku. Mwanahistoria afanye nini na hilo? Nikiwa chuoni jibu lilikuwa rahisi: ni uvumi, weka kando. Sikubaliani tena. Mtu anaposema "waliliwa", kuna jambo analolijua: kijana aliondoka kijijini na mwandikishaji wa kampuni, hakurudi, hakuna barua wala kaburi, na wale waliomchukua wananenepa. Hilo ni ushahidi, ingawa si wa kile linachosema. Na hapohapo sitaki kulainisha mambo kupita kiasi. Wapo ndugu zangu wasomi ambao sasa huchukua kila hekaya ya mzee na kuiita elimu asilia, haiulizwi maswali. Ukikataa kumwuliza mzee wangu maswali unayomwuliza gavana Maron, humheshimu. Umemgeuza pambo.

Valentin-Yves Mudimbe, aliyezaliwa Likasi na kufundisha kwenye kampasi yetu kabla ya kwenda Marekani, aliandika sana juu ya hili: kwamba hata sisi tunapodai kusema ukweli wetu wenyewe, mara nyingi tunazungumza ndani ya nyumba iliyojengwa na maktaba ya mkoloni, na vyumba vyake tumevikuta. Nilimsoma nikiwa kijana na nikaona ni ukali wa bure. Umri umenifanya nimwone mpole.

Maana jambo linalofuata hutokea darasani kila mwaka. Tunafika kwa Msiri, mfalme wa Wayeke, aliyekuwa na mji mkuu Bunkeya. Daftari la zamani lilikuwa fupi: mtawala katili, Wazungu wakaja. Ukitaka kuligeuza, ni rahisi mno. Msiri alikataa bendera ya Leopold. Tarehe 20 Desemba 1891 kapteni Omer Bodson wa msafara wa Stairs, uliokuja kwa niaba ya Leopold, alimpiga risasi, naye Bodson akapigwa risasi na kufa kwa jeraha lake. Daktari wa msafara alikwenda kuchapisha kitabu London kueleza kwamba ilikuwa ni kujilinda. Wayeke wana masimulizi yao, na ndani yake kuna kichwa cha mfalme kilichokatwa na kuchukuliwa. Shujaa amepatikana, somo limekwisha.

Mwaka fulani msichana wa upande wa Basanga aliinuka. "Prof, kwetu Msiri si shujaa. Alitukuta pale." Ni kweli. Msiri alitoka Unyamwezi, huko Tanzania ya leo, mtoto wa biashara ya misafara. Aliuza pembe, shaba na watu, akanunua bunduki. Basanga, ambao shaba ilikuwa yao na mababu zao waliiyeyusha na kuimimina katika misalaba iliyotumika kama fedha, walikuwa wameasi dhidi yake kabla Stairs hajafika. Uasi huo ulimdhoofisha. Kijana wa Bunkeya akajibu, na maneno yakawa makali, ya "ninyi" na "sisi". Mwingine akauliza: na hao waliombebea Stairs mizigo walikuwa nani? Wapagazi na walinzi zaidi ya 300, wengi wao kutoka Zanzibar na pwani. Walizungumza lugha hii ninayoandika. Wengi walikufa njiani kwa njaa na magonjwa, na Stairs mwenyewe alikufa kwa malaria kabla ya kurudi kwao. Katanga ilitekwa kwa ajili ya mfalme ambaye hakuwahi kukanyaga Congo, na watu waliofanya msafara uwezekane waliimba kwa Kiswahili.

Sikuwaamulia. Niliwaacha wagombane hadi kengele, na ninaamini ile ilikuwa saa bora ya mwaka. Ukishauliza historia ya dunia swali la mchimbaji na mpagazi, swali halitakubali kusimama mpakani kwa adabu. Litaingia nyumbani. Litamwuliza Msiri, litawauliza machifu waliotoa vijana kwa waandikishaji, na litauuliza mji wetu pia. Mpoyi ni jina ambalo kila mtu hapa anajua linatoka Kasai. Union Minière ilileta wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda, Burundi na Rhodesia ya Kaskazini, na wajukuu wa hao ndio wengi wetu. Mwaka 1992 na 1993 Wakasai walifukuzwa Katanga kwa maelfu kwa maelfu, waliozaliwa hapa na wasiozaliwa hapa, wakalala kwenye vituo vya reli wakingoja gari moshi, na wengi walifia hapo. Siku hizi kuna watu wanaotaka tarehe 9 Desemba ikumbukwe kama damu ya Katanga iliyomwagwa na Mbeleji. Naunga mkono ikumbukwe. Nikiuliza ni jina la nani litaandikwa kwenye jiwe, na kwao wapi, mazungumzo hupoa haraka.

Wataalamu wamefanya mengi. UNESCO ilianza mwaka 1964 kazi ya kuandika historia kuu ya Afrika, ikatoka juzuu nane. Donatien Dibwe dia Mwembu na wenzake wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamekusanya kumbukumbu za wafanyakazi na wake zao kwa miaka mingi, wakafanya maonyesho, wakawaalika wazee wenyewe waje kubishana na picha. Sidai kwamba hakuna kilichobadilika. Nasema tu kwamba darasani kwangu kitabu kikifika ni kimoja kwa wanafunzi sitini, na mwisho wa safari upo Exetat, mtihani wa Serikali, wenye maswali ya kuchagua jibu. Huwezi kuchagua jibu la shangazi yangu.

Kwa hiyo ninachofanya ni kidogo. Nimeacha kutenganisha Jumatatu na Alhamisi. Tukisoma mapinduzi ya viwanda, tunasoma reli na nani aliilaza. Tukisoma "uvumbuzi" wa ndani ya Afrika, tunaanza na Pedro João Baptista na Amaro José, wafanyabiashara weusi waliotoka Angola mwaka 1802, wakapita kwa watawala Mwata Yamvo na Kazembe, wakafika Tete, Msumbiji, mwaka 1811, zaidi ya miaka arobaini kabla ya Livingstone kuvuka bara. Na kila mwanafunzi anachukua tukio moja la kitabu cha dunia, anatafuta ni nani katika ukoo wake au barabara yake alikuwa kazini wakati huo, na kazi gani. Wengine hubuni, nawajua kwa ulaini wa hadithi zao. Kumbukumbu za kweli huwa na mashimo. Wengine huleta kitu. Mmoja alileta kadi ya kazi ya babu wa baba yake, na namba ya kampuni imesomeka wazi kuliko jina.

Mwaka huu wengi hawakutaka zamani. Waliandika juu ya kaka zao walioko Kolwezi, wanaochimba kobalti kwa mikono, na magari ya umeme yanayotengenezwa China na Ulaya. Mwenye duka la fotokopi jirani na shule alinipunguzia bei nikazitoa nakala, tukazishona pamoja, nikaliweka faili kwenye kabati la maktaba. Mkuu wa shule aliuliza liorodheshwe wapi: historia ya dunia au historia ya Congo, kwa kuwa rejista ina safu mbili tu. Tumebishana juma zima. Bado halijaorodheshwa.